Tiba ya maji Johannesburg: Kizuizi cha rangi kiliondoka, kizuizi cha fedha kikabaki

Kwa mtu aliyepooza miguu au mwenye viungo vilivyokakamaa, nusu saa ndani ya maji ya uvuguvugu yaweza kuwa ndiyo nusu saa pekee katika wiki nzima ambayo mwili wake haumlemei. Lakini mjini Johannesburg, suala la nani aingie majini na nani abaki ukingoni limeamuliwa kwa miaka mingi na mambo mawili: kwanza rangi ya ngozi, kisha uzito wa mfuko.

Jiji la dhahabu lisilo na mto

Miji mingi mikubwa ya Afrika ilizaliwa kando ya maji. Cairo ina mto Nile, Kinshasa ina mto Kongo, Mombasa na Zanzibar zina bahari, Mwanza na Kisumu zina ziwa. Johannesburg ilizaliwa juu ya mwamba. Dhahabu ilipogunduliwa katika safu ya vilima vya Witwatersrand mwaka 1886, maelfu ya watu walikimbilia mahali palipo na mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, pasipo mto mkubwa wala ziwa, na ambapo usiku wa mwezi Juni au Julai baridi hukaribia kugandisha maji.

Kwa hiyo, tangu mwanzo, maji ya Johannesburg yalikuwa ni kitu cha kuletwa kutoka mbali kwa gharama. Mwaka 1903 iliundwa bodi ya maji ya Rand ili kuihudumia migodi na mji. Mwaka 1938 bwawa la Vaal lilikamilika kusini mwa jiji, na maji yakawa yanasukumwa kwa mitambo kupanda mlima. Hayo nayo hayakutosha. Mwaka 1986 Afrika Kusini ilitia saini mkataba na Lesotho, na mwaka 1998 maji ya milima ya nchi hiyo ndogo yakaanza kutiririka kuelekea jimbo ambalo leo linaitwa Gauteng.

Historia hiyo ni muhimu kwa yeyote anayetaka kuelewa kwa nini bwawa la maji ya moto katika jiji hili halikuwa kamwe jambo la kawaida. Kila lita iliyomo ndani yake imesafirishwa, imesukumwa, imesafishwa na kulipiwa kabla mgonjwa hajatia unyayo.

Kazi ya maji mwilini

Tiba ya maji haina uganga ndani yake. Mtu anapoingia majini hadi kiunoni, miguu yake hubeba takriban nusu tu ya uzito wa mwili. Akizama hadi kifuani, hubeba kama theluthi moja. Akifika shingoni, hubeba kiasi cha sehemu moja kati ya kumi. Goti la mwenye baridi yabisi, ambalo nchi kavu hupiga kelele kwa kila hatua, hupata nafasi ya kukunjika na kunyooka. Wakati huohuo maji huupinga mwili kutoka kila upande, hivyo misuli dhaifu hufanya kazi bila hatari ya mtu kuanguka na kuvunjika.

Jambo la pili ni joto. Bwawa la kawaida la waogeleaji huwa na nyuzi joto 26 hadi 28 hivi, na hilo kwa mgonjwa ni baridi. Bwawa la tiba huhitaji nyuzi 33 hadi 36, karibu na joto la mwili wenyewe. Joto hilo hulegeza misuli iliyokaza ya mtu aliyepata kiharusi, ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo, au ya mtu aliyeumia uti wa mgongo. Katika maji ya baridi, misuli hiyohiyo hukaza zaidi.

Tiba hii ina mipaka yake. Haiungi uti wa mgongo uliokatika, na mwenye vidonda vya kulalia vilivyo wazi, maambukizi au kifafa kisichodhibitiwa huzuiwa kuingia. Kinachopatikana ni maumivu kupungua, viungo kutokauka, usingizi kurudi, na jambo lisilopimika kwa mizani: mtu asiyeweza kusimama nchi kavu kujiona amesimama.

Faida hiyo, hata hivyo, hudumu pale tu mazoezi yanaporudiwa wiki hadi wiki. Ulemavu wa kudumu hudai tiba ya kudumu, na hapo ndipo suala la gharama linapoanza.

Elimu ya kale, milango ya kuchagua

Kuoga kwa ajili ya afya si jambo geni kwa watu wa mwambao. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar bado yapo majengo ya Hamamni, hamamu ya umma iliyojengwa katika zama za Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kati ya mwaka 1870 na 1888. Huko kaskazini mwa Johannesburg, kiasi cha kilomita 160, ziko chemchemi ambazo watu wa lugha ya Kitswana waliziita Bela-Bela, yaani zinazochemka. Maji yake hutoka ardhini yakiwa na nyuzi joto 50 hivi, bila kuni wala umeme. Walowezi wa Kizungu waliupa mji huo jina la Warmbad, na chemchemi hizo zikawa mahali pa Wazungu kupumzika na kutibu viungo vyao. Jina la Bela-Bela lilirudishwa rasmi mwaka 2002.

Afrika Kusini haikuwa peke yake katika kuyawekea maji mipaka. Nchini Marekani, Franklin Roosevelt, aliyepooza miguu mwaka 1921, alipata nafuu katika chemchemi za Warm Springs jimboni Georgia. Mwaka 1926 alizinunua, na mwaka uliofuata akaanzisha taasisi ya kuwahudumia waliougua polio. Hata hivyo, wagonjwa Weusi hawakupokelewa hapo. Ilibidi wasubiri hadi mwaka 1941, kilipofunguliwa kituo chao katika chuo cha Tuskegee, jimboni Alabama.

Mwaka 1949 mjini London, mhandisi James McMillan alianza kuwafundisha kuogelea wasichana wenye ulemavu wa shule ya Halliwick. Mbinu yake, ambayo mwanafunzi hujifunza kwanza kuumiliki mwili wake majini kabla ya kujifunza kuogelea, ilienea duniani kwa jina la shule hiyo. Inafaa kukumbukwa kwamba njia hiyo haikuhitaji mitambo ya ajabu. Ilihitaji bwawa, na mtu mmoja wa kumshika mwingine.

Polio na migodi

Mwaka 1948 mlipuko mkubwa wa polio uliikumba Afrika Kusini, na Johannesburg ikatikiswa. Michango ya umma ndiyo iliyowezesha kuundwa kwa taasisi ya utafiti wa polio, ambayo maabara zake zilijengwa Rietfontein, pembezoni mwa jiji. Chini ya Profesa James Gear, maabara hizo zilikuja kutengeneza chanjo iliyotumika nchini humo tangu miaka ya 1950. Mwezi Agosti mwaka 2020 bara la Afrika lilithibitishwa kuwa limetokomeza polio ya asili. Lakini chanjo huzuia ugonjwa, haimrudishii miguu aliyekwisha kupooza. Wale walioupata ugonjwa huo walibaki na viungo dhaifu kwa muda wote wa maisha yao.

Mmoja wao ni Desmond Tutu, aliyeugua polio akiwa mtoto mchanga na kubaki na mkono wa kulia usio na nguvu. Akiwa kijana alilazwa kwa miezi mingi katika hospitali ya Rietfontein, safari hiyo kwa kifua kikuu. Aliyekuwa akimtembelea kitandani na kumletea vitabu ni padri wa Kiingereza aliyeitwa Trevor Huddleston, ambaye habari zake zinafuata.

Chanzo kikubwa cha ulemavu kilikuwa pia chini ya ardhi. Migodi ya dhahabu ilikusanya wanaume kutoka Msumbiji, Lesotho, Nyasaland na hata Tanganyika. Msikilizaji wa Mbeya au Tukuyu atalifahamu jina la Wenela, shirika lililowaandikisha vijana wa nyanda za juu kusini na kuwapeleka migodini hadi Tanganyika ilipojitawala na kuufunga mlango huo. Mchimbaji aliyeangukiwa na mwamba akavunjika mgongo alilipwa fidia ambayo, kwa Mwafrika, ilikuwa ndogo kuliko ya Mzungu, kisha akarudishwa kwao. Dhahabu ilibaki Johannesburg, na ulemavu ukapelekwa kijijini, mahali ambapo hapakuwa na mtaalamu wa viungo wala bwawa.

Sheria ya mwaka 1953 na bwawa la Orlando

Ubaguzi ulikuwepo kabla, lakini mwaka 1953 bunge la Makaburu lilipitisha sheria namba 49 iliyotenga huduma za umma kwa misingi ya rangi. Sheria hiyo ilikwenda mbali zaidi ya kutenganisha: ilitamka kwamba si lazima huduma za makundi mbalimbali zilingane kwa ubora. Mabenchi, vyoo, fukwe, mabasi na mabwawa ya kuogelea vilipata mabango yake.

Kati ya hayo yote, bwawa lilikuwa na uzito wa pekee. Watu wawili wanaoketi kwenye benchi moja wanaweza kugeuziana migongo. Walio ndani ya bwawa moja wanaguswa na maji yaleyale. Ndiyo maana Johannesburg ilifungua maktaba yake kuu kwa watu wa rangi zote mwaka 1974, ilhali mabwawa ya kuogelea yalisubiri hadi mwisho mwisho wa utawala huo.

Katika mazingira hayo, Padri Huddleston, aliyefika Johannesburg mwaka 1943 na kuhudumu katika mtaa wa Sophiatown, alifanya jambo ambalo kwa wengine lilionekana dogo. Alichangisha fedha za kujenga bwawa la kuogelea huko Orlando, katika eneo ambalo baadaye liliitwa Soweto, ili watoto wa Kiafrika wapate mahali pa kuogelea. Kwa miaka mingi bwawa hilo lilikuwa miongoni mwa mahali pachache mno katika jimbo zima la Transvaal ambapo mtoto Mweusi aliruhusiwa kuingia majini kwa furaha.

Halikuwa bwawa la tiba. Maji yake hayakupashwa moto, na ukingo wake haukuwa na winchi ya kumshushia asiyeweza kutembea. Mtoto aliyedhoofishwa na polio aliingia ikiwa tu kaka au rafiki alimbeba mgongoni. Hata hivyo, liliweka wazi hoja ambayo haijapitwa na wakati: kwamba maji ni haki ya mwili, si zawadi kwa tabaka fulani. Huddleston aliondolewa Afrika Kusini na viongozi wa shirika lake la kitawa mwanzoni mwa mwaka 1956, baada ya kuupinga ubomoaji wa Sophiatown. Miaka minne baadaye aliwasili kusini mwa Tanganyika akiwa Askofu wa Masasi, wadhifa alioushika hadi mwaka 1968.

Baragwanath na watu waliojikusanya

Hospitali ya Baragwanath ilijengwa na serikali ya Uingereza mwaka 1942 kwa ajili ya askari wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Baada ya vita ilikabidhiwa kwa utawala wa jimbo, na tangu mwaka 1948 ikawa hospitali ya Waafrika wa Soweto, huku Wazungu wakitibiwa katika hospitali nyingine za jiji. Mwaka 1997 iliongezewa jina la Chris Hani. Ni moja ya hospitali kubwa kabisa duniani.

Tarehe 16 Juni mwaka 1976, polisi walipowafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto, majeruhi walikimbizwa hapo. Baadhi ya waliopona hawakutembea tena. Risasi, kisu na ajali za barabarani viliendelea kuzijaza wodi za majeruhi wa uti wa mgongo kwa miongo iliyofuata.

Katika wodi hizo ndimo lilimozaliwa vuguvugu jipya. Friday Mavuso, mkazi wa Soweto, alipigwa risasi na polisi mwaka 1974 akapooza miguu. Mwaka 1981 yeye na wenzake walianzisha chama cha kujitegemea cha watu waliopooza, kilichojulikana kwa kifupi kama SHAP. Chama hicho kilifungua karakana huko Soweto iliyomilikiwa na kuendeshwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Mwaka 1984 Mavuso akawa miongoni mwa waasisi wa shirika la kitaifa la watu wenye ulemavu la Afrika Kusini.

Hoja yao ilikuwa kwamba ulemavu hauanzi wala hauishii mwilini. Mtu aliyepigwa risasi na dola, akatibiwa katika wodi iliyosongamana, akarudishwa kwenye nyumba isiyo na bafu, amelemazwa mara tatu. Nyumba nyingi za Soweto zilijengwa kwa ramani ya mwaka 1951, iliyopewa namba 51/6: vyumba vinne, choo nje, bafu hakuna. Kwa mgonjwa aliyeambiwa na mtaalamu wake ajinyooshe katika maji ya moto nyumbani, maagizo hayo yalikuwa kama kumwambia akaoge mwezini.

Kutoka vuguvugu hilo dunia ilipata pia kaulimbiu. Mwaka 1993 Mmarekani James Charlton aliwasikia viongozi wawili wa watu wenye ulemavu wa Afrika Kusini, Michael Masutha na William Rowland, wakiitumia. Kwa Kiswahili yaweza kusemwa hivi: lolote lituhusulo lisifanywe bila sisi.

Mlango wafunguliwa

Mwezi Novemba mwaka 1989, Rais F. W. de Klerk alitangaza kwamba fukwe za nchi hiyo zitakuwa wazi kwa watu wote. Mwezi Oktoba mwaka 1990 sheria ya mwaka 1953 ilifutwa. Mabango yakashushwa. Bwawa la Ellis Park, katikati ya Johannesburg, lililokuwa la Wazungu, likawa la kila mtu kisheria.

Hatua nyingine zikafuata. Mwaka 1993 ruzuku ya serikali kwa watu wenye ulemavu, ambayo kwa miongo mingi ilitofautiana kulingana na rangi, ilisawazishwa. Katiba ya mwaka 1996 ikapiga marufuku ubaguzi kwa misingi ya ulemavu na kutambua haki ya huduma za afya, ingawa kwa kadiri ya uwezo wa dola. Mwaka 2003 serikali ilitangaza matibabu ya bure katika hospitali za umma kwa watu wenye ulemavu wa kudumu wasio na bima na wenye kipato cha chini. Mwaka 2007 Afrika Kusini ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao ibara yake ya 26 inazitaka nchi zitoe huduma za ukarabati wa viungo. Kenya iliufuata mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009.

Hata usafiri ulibadilika kwa sehemu. Mwaka 2009 yalianza mabasi ya mwendo kasi ya Rea Vaya, ambayo abiria mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuingia bila kubebwa, kwa kuwa kituo na sakafu ya basi vina kimo kimoja. Njia ya kwanza iliunganisha Soweto na Ellis Park. Kwa mara ya kwanza, mtu aliyepooza wa Soweto angeweza kufika karibu na bwawa ambalo wazazi wake walikatazwa hata kulisogelea.

Bei ya joto

Kufika ukingoni, hata hivyo, si kuingia majini. Mabwawa mengi ya manispaa ni ya wazi, hayapashwi moto, na hufungwa majira ya baridi, wakati uleule ambao viungo vya mgonjwa huuma zaidi. Mabwawa ya joto yanayofaa kwa tiba yako katika baadhi ya hospitali za umma, na zaidi katika hospitali binafsi za ukarabati, katika shule chache maalumu na katika kliniki za wataalamu wa viungo zilizo kwenye mitaa ya wenye nacho.

Sababu yake inaweza kuhesabiwa. Bwawa dogo la tiba lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 4 na kina cha mita moja na nusu hubeba lita 60,000. Kupandisha joto la mita moja ya ujazo ya maji kwa nyuzi moja hutumia umeme wa uniti moja na kitu. Kuyatoa maji hayo katika nyuzi 16 hadi 34 kwa hita ya kawaida ya umeme kunahitaji takriban uniti 1,250. Kwa bei ya zaidi ya randi 2 kwa uniti iliyotozwa Johannesburg mwaka 2024, kulipasha bwawa hilo mara moja tu kuligharimu zaidi ya randi 2,500. Ruzuku ya mwezi mzima ya mtu mwenye ulemavu mwaka huo ilikuwa randi 2,000 na ushei.

Hapo haijahesabiwa dawa ya kusafisha maji, winchi ya kumshusha mgonjwa, joto linalopotea kila usiku, wala mshahara wa mtaalamu ambaye mara nyingi humhudumia mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja. Mtambo wa kisasa wa kuhamisha joto kutoka hewani hupunguza umeme kwa kiasi kikubwa, na jua la Johannesburg ni jingi, lakini vyote viwili hudai mtaji wa mwanzo.

Mwenye bima ya afya husaidiwa kulipa, ingawa mara nyingi bima huweka kikomo cha idadi ya siku za tiba kwa mwaka, jambo lisilolingana na ugonjwa usio na kikomo. Na wenye bima ni wachache: takriban mtu mmoja kati ya sita nchini humo. Miongoni mwa Wazungu ni kiasi cha watu saba kati ya kumi, na miongoni mwa Weusi ni mmoja hivi kati ya kumi. Mwezi Mei mwaka 2024 Rais Cyril Ramaphosa alitia saini sheria ya bima ya afya ya taifa, yenye lengo la kuziba pengo hilo, lakini utekelezaji wake ulikabiliwa na kesi mahakamani tangu mwanzo.

Kwa hiyo rangi iliyofutwa katika sheria imebaki katika hesabu. Hakuna bango linalomzuia mtu, ila gharama.

Lita 25 za Phiri

Suala la maji nyumbani nalo lilifikishwa mahakamani. Mwaka 2004, katika mtaa wa Phiri huko Soweto, manispaa ilianza kufunga mita za kulipia kabla, mfano wa LUKU inayojulikana Tanzania kwa umeme. Kila nyumba ilipewa bure lita 6,000 kwa mwezi, na baada ya hapo maji yalikatika hadi mtu alipie. Kwa nyumba yenye watu wanane, hizo ni lita 25 kwa kila mmoja kwa siku. Wakazi watano wakiongozwa na Lindiwe Mazibuko, ambaye nyumbani kwake waliishi watu 20, walishtaki na kudai lita 50.

Mwaka 2008 Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwezi Machi mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ilisema zitoshe lita 42. Tarehe 8 Oktoba mwaka huohuo, Mahakama ya Katiba, iliyojengwa mahali palipokuwa na gereza la kale la Johannesburg, ilitengua hukumu zote mbili na kusema kwamba sera ya jiji haikuvunja katiba.

Kesi hiyo haikuhusu tiba, lakini ilimgusa kila mwenye ulemavu. Beseni la kuogea la kawaida huchukua lita 150 hivi. Kwa kipimo cha lita 25, mtu anayejaza beseni ili kulegeza misuli yake ametumia fungu lake la siku sita. Na asiyeweza kuzuia haja, anayehitaji kusafishwa mara kadhaa kwa siku ili asipate vidonda, hana fungu la kuweka akiba. Manispaa baadaye iliruhusu nyongeza kwa kaya zilizosajiliwa kuwa maskini, lakini usajili wenyewe ulihitaji foleni, vyeti na nauli.

Miaka ya karibuni imeongeza tatizo jingine, nalo halichagui mtaa. Mabomba ya jiji yamezeeka. Mwezi Machi mwaka 2024, baada ya radi kupiga miundombinu ya umeme ya kituo cha kusukuma maji cha Eikenhof, sehemu kubwa za Johannesburg, za maskini na za matajiri, zilikaa siku nyingi bila tone. Kabla ya hapo, mwaka 2021, hospitali ya akina mama na watoto ya Rahima Moosa ilichimbiwa kisima na shirika la misaada la Gift of the Givers kwa sababu mabomba yalikuwa yakikauka. Mahali ambapo wodi ya wazazi haina maji, bwawa la tiba huwa la mwisho katika orodha. Aidha, mgao wa umeme ulioanza mwaka 2007 na kufikia kilele mwaka 2023 ulimaanisha kwamba hata bwawa lililopo lilipoa kabla ya mgonjwa kufika.

Kinachowezekana

Historia hii haimalizikii kwenye kukata tamaa. Mbinu ya Halliwick huonyesha kwamba watu wa kujitolea waliofunzwa vizuri wanaweza kumhudumia mgonjwa majini pamoja na mtaalamu. Shule zenye mabwawa zinaweza kuyafungua baada ya masomo. Bwawa moja la manispaa likiezekwa, likapashwa moto kwa jua na kuwekewa winchi, linaweza kuhudumia mitaa kadhaa. Na pale ambapo bwawa halipo, mtaalamu anaweza kumfundisha mgonjwa mazoezi ya nchi kavu, ambayo ni bora kuliko kungoja.

Maamuzi ya namna hiyo si ya wahandisi peke yao. Bwawa la Orlando halikujengwa kwa sababu dola ilikuwa na fedha za ziada, bali kwa sababu kuna mtu aliyeona mtoto wa Soweto anastahili maji kama mtoto mwingine yeyote, akazunguka kuomba michango. Karakana ya Mavuso haikungoja sheria ibadilike.

Mtu aliyepooza wa Phiri leo anaweza kupanda basi hadi Ellis Park, na hakuna askari atakayemuuliza kitambulisho chake. Anachohitaji sasa ni kitu cha kawaida zaidi na kigumu zaidi: maji yenye nyuzi joto 34, mkono wa kumshusha, na uhakika kwamba wiki ijayo atayakuta tena.